Januari ya suruali mpya: msongo na mabadiliko ya hisia kwa kijana mwenye usonji anapobalehe

Asubuhi moja ya Januari, katika nyumba ya kupanga iliyojengwa kwenye mteremko wa mawe upande wa Mabatini jijini Mwanza, kijana wa miaka 14 alikataa kuvaa suruali. Kwa miaka saba ya shule ya msingi alikuwa amevaa kaptula, na miguu yake ilikuwa imezoea upepo. Sasa alikuwa amepangiwa kidato cha kwanza, na sare ya huko ilikuwa suruali ndefu ya kitambaa kigumu, yenye lebo kiunoni na mshono unaokwaruza ndani ya paja. Mama yake alimbembeleza, kisha akamfokea, na baba mdogo aliyeitwa kuja kusaidia akamshika mkono kwa nguvu. Kilichofuata kilisikika hadi nyumba ya tatu: kilio, ndoo kupigwa teke, kichwa kugongeshwa ukutani, na hatimaye ukimya wa kijana aliyejikunja chini ya meza mpaka saa 5. Kufikia jioni majirani walikuwa na maelezo matatu. Mmoja alisema mtoto amedekezwa, mwingine alisema balehe imempanda kichwani, na wa tatu alisema ugonjwa wake umezidi.

Maelezo ya kwanza si ya kweli, ya tatu si ya kweli, na ya pili yana ukweli nusu, tena nusu iliyoelezwa vibaya. Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, ambayo mtu huishi nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Hauambukizwi, hautokani na malezi, wala haupandi mtoto anapofikisha umri fulani kama homa inavyopanda usiku. Kinachoongezeka wakati wa balehe ni mzigo anaoubeba kijana, na mzigo huo huletwa na mwili, shule na mtaa kwa wakati mmoja, ilhali njia zake za kuutua zimebaki zilezile alizokuwa nazo akiwa na miaka saba.

Sababu moja inayotufanya tushindwe kuuona mzigo huu ni kwamba picha tuliyo nayo ya usonji ni picha ya mtoto mdogo. Leo Kanner, daktari aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, alipochapisha mwaka 1943 makala iliyoitambulisha hali hii kwa madaktari wengi, alieleza habari za watoto 11, na kwa miongo mingi iliyofuata mtu akitaja usonji msikilizaji alimwona mtoto asiyeitika anapoitwa, anayepanga vizibo vya chupa mstari mmoja. Mabango mengi ya Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya kuelimisha watu kuhusu usonji, bado yanaonyesha watoto wa umri huo. Mtoto yule hukua, huota ndevu, huvunja ungo, na wazazi waliojifunza kwa taabu namna ya kuishi naye akiwa na miaka sita hujikuta wanaanza upya akiwa na 12, safari hii na mtu anayewapita kimo.

Neno tunalolitumia kila siku, msongo wa mawazo, linatupotosha kidogo katika jambo hili, kwa sababu linatufanya tutafute mawazo: deni, ugomvi, mtihani. Msongo unaozungumzwa hapa ni kazi ya mwili kabla haujawa fikra. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi ikihisi hatari hupeleka ujumbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage homoni ya kotisoli kwenye damu. Mpangilio huu hauulizi kama hatari ni ya kweli au la. Sukari hupanda, mwili hukaa tayari kupambana au kukimbia, na mambo yasiyo ya haraka, kama kusaga chakula na kutafakari kwa utulivu, husogezwa pembeni. Kotisoli pia ina ratiba yake ya siku nzima hata pasipo na hatari yoyote, maana huwa juu asubuhi, huongezeka katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mpaka inapofika chini kabisa karibu na usiku wa manane.

Kwa miaka mingi Blythe Corbett na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani wamekuwa wakipima kotisoli kwenye mate ya watoto wenye usonji na wasio nao, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba kwa baadhi ya watoto wenye usonji homoni hiyo hubaki juu jioni, wakati ambao ingepaswa kuwa imeshuka. Maana yake nyumbani ni rahisi kuielewa: mtoto amefika kitandani, taa imezimwa, lakini mwili bado uko kazini. Jambo la pili waliloliona linanivutia zaidi, kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyodhani. Jaribio la kusimama na kuhutubia mbele ya watu wazima wasiofahamika, ambalo huwapandisha kotisoli watoto wengi, halikuwapandisha watoto wenye usonji kwa namna hiyo. Lakini walipowekwa kwenye uwanja wa michezo pamoja na wenzao wasiowajua, kucheza tu, kotisoli ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wale wakubwa kiumri kuliko wadogo. Hotuba ina kanuni: unasimama, unasema, unakaa. Mapumziko ya saa 4 chini ya mwembe hayana kanuni yoyote iliyoandikwa, na kadiri kijana anavyokua ndivyo anavyozidi kutambua kwamba wenzake wote wanazijua kanuni hizo isipokuwa yeye. Mwalimu anayempa mapumziko marefu zaidi akidhani anamsaidia huenda anampeleka mahali panapomchosha kuliko hesabu.

Juu ya mwili wa namna hiyo ndipo balehe inapofika. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana, na mpangilio wake unafanana kwa vijana wote, wenye usonji na wasio nao: haipothalamasi ileile na pituitari ileile huamsha ovari au korodani, estrojeni na testosteroni huongezeka, na hatua kwa hatua mwili huanza kunuka jasho, kuota nywele, kupanuka na kurefuka. Ndani ya ubongo, sehemu zinazozalisha hisia kali huchangamka mapema, ilhali sehemu ya mbele inayotuliza, kupima na kusubiri huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kila kijana hupitia pengo hili. Kijana mwenye usonji hulipitia akiwa na ngozi, masikio na pua ambazo tangu mwanzo zilikuwa zikipokea zaidi kuliko za wenzake, na sasa ngozi yenyewe imekuwa ngeni: kwapa lina unyevu, chunusi inauma, sidiria inabana, sauti inayotoka kooni si yake ya mwaka jana. Mtu anayetegemea mambo yabaki kama yalivyo ili apate utulivu anabadilishiwa kitu ambacho hawezi kukiweka chini na kuondoka.

Usingizi nao husogea. Katika ujana homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa saa za usiku zaidi kuliko utotoni, na watoto wenye usonji wengi walikuwa na shida ya kulala hata kabla ya hapo. Kijana anayeishi Buhongwa au Kisesa na kusoma shule ya katikati ya jiji huamshwa saa 11 alfajiri ili awahi daladala. Ukimkuta saa 8 mchana amevimba kwa hasira, hesabu kwanza saa alizolala kabla hujahesabu makosa yake.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi huliona bila kulipatia jina. Ukimuuliza kijana wa aina hii, “Mwanangu, unajisikiaje?” atakujibu “sijui” au “vizuri,” na wewe utaona amekaza meno na mikono inatetemeka. Hadanganyi wala hafichi. Takriban nusu ya watu wenye usonji wana ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao wenyewe, na wengi pia hupokea kwa shida taarifa za ndani ya mwili, kama njaa, kiu, haja ndogo, joto na mapigo ya moyo. Hofu na njaa vinaweza kufika kwake vikiwa kitu kimoja kisicho na jina, mpaka vifurike. Kwa hiyo swali la “unajisikiaje” ni gumu kuliko linavyosikika, na maswali madogo yanayohusu mwili husaidia zaidi: tumbo limebana? kichwa kina joto? umekunywa maji leo? Wengine hujibu vizuri kwa kuonyesha kidole kwenye picha ya mwili iliyochorwa kwenye daftari.

Nalipa uzito mkubwa suala la maumivu, kwa sababu katika mwambao wa Ziwa Victoria maumivu ya tumbo si jambo la nadra. Kichocho cha tumbo kimeenea katika vijiji na mitaa ya ufukweni, huambukizwa kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea, na watoto wa umri wa shule ndio wanaoathirika zaidi, malaria ipo, selimundu, ambayo huleta maumivu makali ya mifupa, ipo kwa wingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mtoto anayeweza kusema “mama, tumbo linauma” hupelekwa zahanati, lakini kijana asiyezungumza, au anayezungumza sana kuhusu meli na vivuko na hawezi kuzungumzia tumbo lake, hujipiga kichwa, humng'ata mdogo wake, na sisi tunaandika kwenye akili zetu: balehe. Meno yaliyotoboka, masikio yanayotoa usaha, choo kigumu cha siku nne, hivi vyote nimeviona vikiitwa ukorofi. Mabadiliko ya ghafla ya tabia, ya wiki moja au mbili, yaanzie kwa daktari wa kawaida, aliyeombwa waziwazi amchunguze kijana kuanzia kinywani hadi kwenye nyayo, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia nidhamu.

Kwa wasichana maumivu hayo huja kwa mwezi. Namfahamu mama mmoja, muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambaye binti yake wa miaka 13 alikuwa akilipuka kwa siku mbili tatu, kisha anatulia kabisa kana kwamba hakuna lililotokea. Mama huyo hakuwa na daftari la kumbukumbu, alikuwa na kalenda ya ukutani, ile ya bure inayotolewa madukani mwisho wa mwaka, iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Alianza kuweka duara kwa kalamu nyekundu siku za hedhi na alama ya msalaba siku za mlipuko. Baada ya miezi minne misalaba ilikuwa imejipanga mbele ya maduara, siku mbili au tatu kabla ya kila moja, na alipoanza kumpa binti chakula chepesi, maji ya moto ya kukandia tumbo na dawa ya maumivu aliyoelekezwa zahanati, tena kabla siku hizo hazijafika, misalaba ilipungua. Haikuisha. Lakini binti mwenyewe sasa huenda kuitazama kalenda, na kujua kesho itakuwaje ni dawa ya namna yake kwa mtu ambaye jambo la ghafla humtisha kuliko maumivu yenyewe.

Ndiyo maana maandalizi ya hedhi yasisubiri damu. Msichana ambaye hajaambiwa chochote huweza kuamini kwamba ameumia au anakufa, na maelezo ya mafumbo tunayoyapenda, kwamba “umekuwa mkubwa” au “umepata wageni,” hayamwambii kitu mtu anayeelewa maneno kwa maana yake halisi. Atawasubiri wageni mlangoni. Aambiwe kwa maneno ya kweli damu itatoka wapi, kwa siku ngapi, na kwamba itakoma, kisha avae taulo ya kike au kitambaa akiwa nyumbani kwa saa moja moja, miezi kadhaa kabla, ili ngozi yake ichague inachoweza kukivumilia. Mvulana naye aambiwe mapema kuhusu ndoto nyevu, na afundishwe bila aibu kwamba kujigusa sehemu za siri hakufanyiki mbele za watu. Vitabu vya Ulaya na Marekani hushauri kwamba mtoto aelekezwe chumbani kwake. Nakubali wazo, lakini familia ya watu sita inayoishi chumba na sebule haina “chumbani kwake,” na mzazi itabidi aamue kama faragha ya nyumba ile ni bafu, au kona iliyokatwa kwa pazia la kitenge, kisha asibadilishe uamuzi huo.

Sasa turudi kwenye ile Januari. Kuingia sekondari nchini kwetu ni kubadili mambo mengi kwa siku moja: mwalimu mmoja au wawili waliozoeleka wanakuwa wanane au tisa, jengo ni geni, sare ni mpya, na lugha ya kufundishia inageuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mtoto aliyechukua miaka kadhaa kuyaelewa maagizo ya darasani kwa Kiswahili anaanza moja, na anaanza katika mwaka uleule ambao mwili wake umeanza kugeuka. Sijui kama kuna aliyekaa chini akapanga hivyo makusudi, lakini kwa kijana mwenye usonji ni vigumu kupanga vibaya zaidi. Pale Mabatini, kilichohitajika ni kununua suruali mwezi Novemba, kukata lebo, kuifua mara nyingi mpaka ilainike, kuivaa dakika kumi kila jioni, na kumpeleka kijana aione shule ikiwa tupu wakati wa likizo.

Wasichana wengine huingia sekondari bila kelele zozote, na hao nawahofia kwa namna yao. Huwatazama wenzao, huiga wanavyocheka na wanavyosimama, na walimu husema hana tatizo, ni mpole. Halafu akifika nyumbani hutupa mkoba, hujifungia, hulia, na mama huambiwa kwamba tatizo lipo kwake kwa kuwa shuleni mtoto ni mzuri. Kuigiza kutwa nzima ni kazi nzito kuliko kubeba maji kupanda kilima cha Bugando, na uchovu wake huibuka mahali ambapo mtu anajisikia salama. Mtafiti Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wengine kuna pande mbili: nasi hatuwaelewi, ila ni wao tu wanaotakiwa kujirekebisha.

Mtaa pia hubadilika. Mtoto wa miaka saba akigusa ndizi kwenye meza ya mtu, watu hucheka na kumrudisha kwao. Kijana wa miaka 15 mwenye mabega mapana akifanya hivyohivyo huitiwa mwizi, na sote tunajua neno hilo linaweza kuzaa nini kabla polisi hawajafika. Hili halimo katika vitabu vya homoni, ila kwa maoni yangu ndilo jambo la haraka kuliko yote. Mzazi amtambulishe kijana kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa balozi, kwa wenye vibanda na kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, kwa jina lake na kwa uso wake, na aseme waziwazi kwamba akiulizwa kwa ukali hawezi kujibu.

Mlipuko wenyewe una mwendo wake. Huanza na dalili ndogo ambazo kila mzazi anaweza kuzijifunza kwa mtoto wake, kama kutembea huku na huko, kurudia sentensi moja, au kuziba masikio kelele zikiwa zilezile za kila siku. Hupanda hadi kilele ambapo kijana hasikii hoja yoyote. Kisha hushuka na kuacha uchovu, usingizi na mara nyingi aibu. Tofauti na ghadhabu ya mtoto anayetaka soda, haukomi ukimpa kitu, kwa sababu hautafuti kitu. Penye dalili ndogo, punguza: zima redio, toa watu, mpe maji, mruhusu atoke. Penye kilele, maneno yawe machache au yasiwepo, mikono isimshike isipokuwa anapotaka kujiumiza vibaya, na vyombo vizito viondolewe karibu. Fimbo hapo ni kuongeza hatari kwenye mwili unaodhani uko hatarini. Mafunzo yafanyike kesho yake, kwa utulivu, na wengine hawalipuki kabisa bali huzimika, wakakaa bila kusema wala kula, nao wanahitaji kuachiwa muda uleule.

Yapo mambo yasiyoweza kutatuliwa nyumbani. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu watoto na vijana 40 kati ya kila 100 wenye usonji wana tatizo la wasiwasi uliopindukia, na sonona nayo huongezeka katika umri huu. Kijana akiacha kitu alichokipenda kuliko vyote, akiacha kutazama vivuko au kupanga kadi zake, akianza kutembea polepole na kuganda katikati ya kitendo, akipoteza ujuzi aliokuwa nao, au akizungumzia kufa hata kwa sauti ya kawaida kabisa, apelekwe hospitali bila kusubiri yapite. Kifafa nacho huwapata watu wenye usonji kuliko wengine, na ujana ni mojawapo ya vipindi ambavyo huanza. Kukodoa macho bila kuitika kwa sekunde kadhaa, mara kwa mara, kusichukuliwe kuwa dharau. Dawa kama risperidoni, zinazotolewa na daktari, hupunguza hasira kali na kujiumiza kwa baadhi ya vijana, lakini hazitibu usonji, huongeza uzito, na zinahitaji kufuatiliwa. Kumnywesha kijana dawa ya mafua ili alale ni jambo jingine, nalo halifai.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina idara ya afya ya akili, na daktari atakayemwona kijana kwa dakika chache atauliza mambo ambayo ni vigumu kuyakumbuka ukiwa kwenye benchi na kijana anayetaka kutoka: yalianza lini, hutokea mara ngapi, hulala saa ngapi, hutanguliwa na nini. Mama yule wa Mwaloni alipokwenda, hakukariri chochote. Aliitoa kalenda kwenye msumari, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa dagaa, akapanda nayo kilima.